Chapa Hafifu kwenye Hela ya Bibi

Jumatatu, 7 Juni 1993

Madaftari ya darasa la nne nimemaliza. La tano bado. Mgongo unauma. Chaki hakuna tangu wiki iliyopita, na mwalimu mkuu anasema tuvumilie, utadhani chaki ni mvua, itakuja yenyewe.

Mchana Gervas ameleta tena kopo lake la sarafu ofisini. Walimu wenzetu wanamcheka, baba mzima na watoto wake anahangaika na vyuma vya Mjerumani. Mie namcheka zaidi yao, lakini mie nina haki. Yeye Mnyamwezi, mie Mndengereko, watani tangu babu zetu. Namwambia alikuja pwani kubeba mizigo akasahau kurudi. Ananiambia sisi wa Rufiji tumelelewa na viboko wa mtoni. Tunacheka, kazi zinaendelea. Ameahidi kunifundisha kuzisoma sarafu zake. Nimemjibu kwamba mie ndiye nasomesha watu. Lakini nitakaa nimsikilize, najijua.

Kibiti yote siku hizi ni rupia. Kila mara anashuka mtu kutoka Dar, mtumba mzuri mwilini, punje za mchele mfukoni, anatafuta rupia ya Mjerumani "inayovuta" mchele, ati inauzwa mamilioni. Jana mmoja alimwaga mchele kwenye jamvi la jirani yangu, akaweka rupia katikati, tukakaa watu wazima kuuangalia mchele. Mchele haukwenda popote. Wakaja kuku wakala. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Alhamisi, 10 Juni

Somo la Gervas. Niliandike nisije nikalisahau.

Sarafu ikiwa bapa mahali, usikimbilie kusema imelika. Pengine ilizaliwa hivyo. Sarafu za hela ishirini za mwaka 1916 zilipigwa Tabora, wakati wa vita, kwa mitambo ya kubahatisha. Babu yake Gervas alikuwa kibarua wa reli huko, kwa hiyo anavyosimulia utadhani yeye mwenyewe alishika nyundo. Anasema pigo moja lilikuja na nguvu, jingine likaja legevu, na lilipokuwa legevu shaba haikujaa kwenye muhuri. Hiyo ndiyo chapa hafifu.

Sasa tofauti. Iliyolika, huanza kulika palipoinuka: taji, namba, herufi. Hapo panakuwa laini, panateleza. Ukingo nao unalegea. Yenye chapa hafifu, pale palipo bapa ukipatazama vizuri pana ukwaru, vishimo vidogo vidogo vya shaba ambavyo havijaguswa na chochote. Geuza upande wa pili, mahali palepale, utakuta napo hapakujaa. Na ukingo wake bado unakwaruza. Macho ya haraka yanaziona zote mbili ni kuukuu. Kumbe moja imepita mikononi mwa watu na nyingine haijapita.

Alinipa tano nizitenganishe. Nimekosa moja. Akanipigia makofi ofisi nzima ikisikia. Nimefurahi, nisijidanganye. Tangu mume wangu Bakari afariki hajatokea mtu wa kukaa na mie akanionyesha kitu kwa subira, bila kutaka chakula wala ushauri.

Jumamosi, 12 Juni

Dada Mwajuma ameleta salamu kutoka Dimani, kijijini kwetu. Zuhura atatolewa Jumamosi ya tarehe tatu Julai. Zuhura ni mtoto wa marehemu kaka yetu, Dada ndiye kamlea, na amewekwa ndani, mwali, tangu Desemba. Dada ametuma maneno machache kama kawaida yake: "Njoo na hela ya bibi. Usichelewe."

Hela ya bibi ninayo mie kwa sababu kwetu kitindamimba wa kike ndiye huiweka. Mwali wetu hatoki bila hiyo. Hufungwa kwenye pindo la kanga yake, na kabla hajavuka kizingiti kila mwanamke wa ukoo hupitisha dole gumba juu yake na kumtaja aliyemtoa yeye alipokuwa mwali. Bibi ndiye aliyeanza. Mama akafuata, mashangazi, Dada, mie. Ndiyo maana ni laini. Mtu mwingine ataiona ni kipande cha shaba tu, na kwa kweli ni kipande cha shaba.

Alasiri nimemwonyesha Gervas. Kumbe ni hela ishirini ya Tabora! Miaka yote hii ipo sandukuni kwangu na mie sijui hata ilikozaliwa. Akaigeuzageuza juani. Akasema hii imelika kwelikweli, hapana ubishi, ila kivuli cha chapa bado kipo: taji ni dogo, na mikia ya herufi L kwenye neno HELLER imekunjika. Aina hiyo hana. Ameitafuta tangu yuko chuo cha ualimu. Ameomba alale nayo usiku mmoja aitazame kwa kioo chake cha kukuzia. Nimempa. Ni Gervas, si mtu wa mchele.

Jumapili, 13 Juni

Gervas ameirudisha alipotoka kanisani, ameifunga vizuri kwenye karatasi. Nikaitia sandukuni hivyohivyo. Nimepika perege kwa nazi. Chumvi imezidi.

Jumapili, 20 Juni

Nimeshona gauni langu la Dimani. Fundi amenibana kwapani. Nikimwambia anasema nimenenepa.

Ijumaa, 25 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nimeitoa hela niipanguse, siku zinakaribia. Nimeikunjua kwenye karatasi ya Gervas, nikaiweka kiganjani, dole gumba likaenda lenyewe. Ukingo ukanikwaruza. Nikadhani ni uchafu wa sanduku. Nikaifuta kwa kanga. Ukanikwaruza tena.

Nikatoka nayo uani, kwenye jua. Taji bapa, sawa, ya bibi nayo ilikuwa bapa. Lakini hapo penye ubapa pana ukwaru. Vishimo vidogo, kama ngozi ya chungwa. Nikageuza. Mahali palepale upande wa pili, matawi yanayozunguka maandishi hayakujaa. Herufi L hazina mikia. Si kwamba imelika, haikuwahi kuwapo. Kwingine kote herufi zimesimama wima, kali, hazijaguswa.

Hii haijalika. Hii ni chapa hafifu. Hakuna bibi aliyeishika hii.

Nimekaa kwenye kibao cha mbuzi mpaka jua likanihamisha. Nimejaribu kumfikiria yule kijana wa mchele. Nimejaribu kumfikiria binti anayenifulia. Sanduku lina kufuli na ufunguo nalala nao shingoni. Hela ya bibi imetoka mikononi mwangu mara moja tu, na najua ilikwenda wapi. Natamani nisingelijua lile somo. Ningeipeleka Dimani na ukwaru wake, tungetoa mwali wetu, na nisingekuwa na haya yaliyonikaa kifuani.

Huenda nimekosea. Hata siku ile nilikosa moja.

Jumapili, 27 Juni

Nimemngoja njiani akitoka kanisani. Sikumtuhumu. Nilimpa hela mkononi nikasema, nitazamie hii, naona kama ina ukwaru.

Hakuigeuza hata juani. Akaitupia jicho akanirudishia. "Imelika, Mwalimu Salma. Shaba ikiwa kuukuu inakuwa hivyo." Nikamuuliza na mikia ya L imekwenda wapi. Akasema huenda siku ile mwanga ulimdanganya. Akasema nimefundishwa juzi tu, nisianze kuona mambo. Akacheka, akaniuliza kama viboko wetu hawajambo.

Mtu aliyenifundisha kitu kwa mikono yake miwili amenitazama usoni na kukikana. Kuiba ningeelewa, watu wanaiba. Lakini ameniambia macho yangu ni mabovu, na yeye ndiye aliyeyafungua. Nimefika nyumbani nikalia, nikanawa, nikalia tena. Nina hasira na machozi yenyewe.

Jumatatu, 28 Juni

Nimekwenda kwa Mama Neema, mke wa Gervas, muuguzi wa zahanati. Nilijua mumewe yuko kwenye mtihani na darasa la saba. Nilisema nimekuja kuomba mbegu za mchicha. Hiyo haikuwa kweli na sijali.

Mama Neema ni mtu mwema. Akaniwekea chai na viazi vitamu. Hata sikuhitaji kuzungusha maneno, mwenyewe kaanza. Mumewe siku hizi anaimba bafuni. "Si ameipata ile hela yake, dada! Ile ya mikia. Mie nilishachoka kuisikia." Akaenda chumbani akaleta kadi ngumu iliyokatwa tundu katikati, akaniwekea mezani karibu na kikombe, amejawa na furaha ya mumewe.

Nimeitambua kabla sijaigusa. Laini, imelegea ukingo, ina rangi ile ya mafuta ya mikono. Chini yake Gervas ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: taji dogo, mikia ya kukunja, imelika sana.

Ningeweza kuichomoa. Sikuichomoa. Kuichomoa mbele ya yule mama, chai yake iko mdomoni mwangu, ningekuwa mwizi na yeye angekuwa shahidi. Halafu hajui. Nilimwona hajui. Nikamshukuru kwa mbegu nikaondoka. Mbegu nimeziacha mezani.

Jumanne, 29 Juni

Nimemwita Gervas nyuma ya ofisi, penye tangi la maji. Nikamwambia nimeiona kwenye kadi.

Taratibu, kwa sauti yake ya darasani, akasema maneno ambayo sitayasahau. "Salma, nyie mnaimaliza. Kila mwali, vidole, vidole. Miaka michache tu ijayo haitakuwa na kitu. Kwangu itatunzwa, iko na wenzake, ina jina." Akasema ile aliyoniachia inatosha kwa kazi yetu. Kwa kazi yetu! Akasema hakuna mwanamke hata mmoja Dimani ambaye angetambua.

Nikamwuliza kwa nini Jumapili alinidanganya. Hapo walimu wawili wakatokea kuchota maji. Uso wake ukabadilika palepale. Akapaza sauti, akacheka, "Mtani wangu huyu amekasirika! Nimemchukulia hela ya bibi yake kwa utani, ananitaka damu!" Wale nao wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, na weye! Huyo si Mnyamwezi wako?" Habari ikafika ofisini kabla yangu. Mpaka kengele ya mwisho nilikuwa mie ndiye mwenye roho mbaya, mwanamke asiyejua utani.

Najua utani. Nimezaliwa nao. Mama alipofariki, watani wetu walinyang'anya mwiko jikoni na jembe la kaburi, tukavikomboa kwa kuku na ugoro, na waliotutuliza walikuwa haohao. Mtani akichukua huchukua watu wakiona. Anapiga kelele kuliko mwenye mali. Haweki ya bandia mahali pake akaifunga kwenye karatasi akakuletea na Biblia kwapani.

Kitu kizuri kilichokuwa kati ya watu wake na watu wangu amejifunika nacho kama shuka. Hicho kinaniuma kuliko hela.

Jumatano, 30 Juni

Sikwenda kazini. Nimetuma salamu kwamba ninaumwa. Ninaumwa kweli.

Nimefikiria polisi. Watauliza thamani yake. Nimefikiria kumwambia Dada Mwajuma sasa hivi, lakini Dada atakuja Kibiti na panga, na sitanii. Nimefikiria kuipeleka ile ya ukwaru na kunyamaza. Hakuna atakayetambua, amesema. Pengine ni kweli. Dada amezoea kushika jembe, dole gumba lake ni gumu kama gamba. Lakini mie nitakuwa nimesimama pale nikimtaja mama yangu juu ya shaba ambayo mama hakuishika.

Mchana, nikichambua mchele, nikasema kwa sauti peke yangu: amesema ni utani. Amesema mbele ya watu. Basi na uwe utani.

Nimetoka kwenda barabarani kununua kuku. Jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kelele. Muuzaji akaniuliza nina sherehe gani. Nikamwambia namkomboa ndugu aliyetekwa.

Alhamisi, 1 Julai

Nimeingia ofisini wakati wa mapumziko, walimu wote wamekaa, jogoo kwapani. Nikamweka mezani mbele ya Gervas, juu ya karatasi zake za mtihani. Nikasema kwa sauti ya uani: "Mtani! Umenichukulia hela ya bibi yangu, nimesikia, na wote wamesikia. Nimekuja kukomboa. Kuku wako huyo. Lete."

Ofisi ikalipuka. Vigelegele, makofi ya meza. Gervas akacheka pamoja nao, akasema tutaongea, tutaongea. Nikabaki nimesimama. Akasema hela iko nyumbani. Nikasema namsubiri. Akasema ana kipindi. Mwalimu mkuu, mzee wa Utete anayezijua desturi zote na hapendi kelele, akavua miwani. "Mwalimu Gervas, mtani akiletewa kuku harudishi mkono mtupu. Kama ni utani." Alilitua lile "kama" taratibu sana. Kicheko kikapungua.

Gervas akaenda. Alipoinuka jogoo alikuwa ameshamnyea suruali. Hakuna aliyemwambia.

Aliporudi ameitoa kwenye kadi, ameishika kwa ncha za vidole. Akaniwekea kiganjani. Nikatoka nayo mpaka mlangoni kwenye mwanga, sikuona haya. Ubapa laini. Ukingo umelegea. Mikia ipo. Nikaitia kwenye pindo la kanga nikafunga fundo.

Nilidhani basi. Kumbe akanifuata, akaniinamia karibu, akasema polepole wengine wasisikie, "Nirudishie na yangu, basi." Nilikuwa nayo mkobani. Nikampa. Nikamwambia, hii ni chapa hafifu, haijalika, ulinifundisha wewe. Akasema anajua. Alisema hivyohivyo tu, "Najua," na kwa mara ya kwanza wiki hii alikuwa Gervas ninayemfahamu. Ningeweza kumpiga.

Jumapili, 4 Julai

Dimani. Nimelala kwa Dada. Wanawake wamechoka, uani kimya, wanaosha masufuria.

Zuhura ametoka jana asubuhi. Amekuwa mrefu, ngozi imeng'aa, amenenepa vizuri. Ngoma zilikuwa nzuri. Hela ilifungwa kwenye pindo lake na tukapanga mstari. Sikumwambia Dada chochote. Iko hapa, nikaona inatosha.

Dada akapitisha dole gumba, akamtaja shangazi yetu mkubwa, akapita. Hakuangalia hata. Wengine vilevile, wanatazama uso wa mwali, dole linapita, jina linatoka.

Zamu yangu ikafika. Niliinama. Nikaitazama. Taji dogo. Mikia ya kukunja. Nikaona pia mkwaruzo mpya kwenye ukingo, pale kadi ilipobana, na nikawa napima kama ni wa kadi au ni wa zamani. Nikaigeuza. Nilikuwa natafuta mahali palepale upande wa pili.

Zuhura akaniita kwa sauti ndogo, "Shangazi." Nikainua kichwa. Mstari wote unanisubiri, ngoma imepunguza. Dole langu lilikuwa bado halijaigusa. Nikalipitisha haraka, na jina la mama yangu likachelewa kuja. Lilikuja, nikalisema. Dada alinitazama.

Leo wamenipa hela niondoke nayo tena, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimewaambia wamwachie Zuhura. Dada akasema kitindamimba ndiye huiweka. Nikasema najua, mwachieni Zuhura. Sikuwaeleza kwamba mie sasa nikiitazama naona mikia kabla ya mama. Hatimaye amekubali.

Gari la Kibiti linapita alasiri. Kesho kuna madaftari.